Je, Wajua? Mashine Imfuate Fundi

Fundi mbao wa Rutshuru akijaliwa kupata msumeno wa nakshi wa umeme, ile mashine ndogo yenye ubapa mwembamba unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, kwanza huuliza bei ya ubapa wa akiba. Kisha huuliza habari za umeme. Mgongo hauulizii kabisa, mpaka uanze kuuma. Leo tunaanza na mgongo.

CHUKUDU NDIYE MWALIMU

1. Je, wajua kwamba chukudu nyingi, zile baiskeli za mbao za kusukumwa kwa mguu, zinazobeba makala, viazi na mbao huko Kivu Kaskazini, Kongo, zina kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari juu ya ubao? Hapo ndipo mwendeshaji huweka goti moja, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Hakutumwa mtaalamu kuja kumfundisha. Goti liliuma, kandambili ikapigiliwa. Kanuni ya kupanga mashine yoyote ni hiyohiyo.

2. Chukudu zilianza kuonekana miaka ya 1970. Leo Goma ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara uliobeba jina hilohilo. Ni miji michache duniani iliyomtukuza mbeba mizigo kiasi hicho.

3. Msumeno wa nakshi hauwezi kukata gurudumu la chukudu. Mashine nyingi za aina hii hukomea kwenye mbao yenye unene wa sentimita 5 hivi. Gurudumu ni kazi ya panga, tezo na mkono mzito. Lakini chukudu ndogo ya kuchezea mtoto, yenye usukani na magurudumu yake, mashine huikata yote bila kutoka jasho.

ASILI YAKE

4. Huko Goma na Rutshuru shule za ufundi hufundisha kwa Kifaransa, na humo mashine hii huitwa scie à chantourner, yaani msumeno wa kufuata mchoro. Jina limebeba kazi yake yote: haupasui mbao wala haurandi, unafuata mstari popote uendako.

5. Mfaransa André-Charles Boulle, aliyezaliwa 1642 na kufariki 1732, alimtengenezea samani Mfalme Louis wa 14. Alikata maumbo ya gamba la kasa na shaba nyembamba, akayapachika kwenye mbao. Jina lake limebaki kwenye ufundi huo hadi leo.

6. Mchezo wa watoto wa kuunganisha vipande vya picha ulizaliwa kwenye meza ya mchora ramani. Katika miaka ya 1760, John Spilsbury wa London alibandika ramani juu ya ubao, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akawauzia wazazi ili watoto wajifunze jiografia. Fundi wa Rutshuru anaweza kufanya hivyohivyo na ramani ya mikoa 26 ya Kongo.

7. Kabla ya umeme, mashine hizi zilikanyagwa kwa miguu. Katika karne ya 19 kampuni ya ndugu wawili wa familia ya Barnes, mjini Rockford, Marekani, iliuza misumeno ya pedali kwa mafundi wa majumbani. Ukiiona picha yake utadhani ni cherehani iliyopotea njia.

8. Ukitaka kuona mbao iliyotobolewa ikafanana na kitambaa cha lesi, panda meli uende Unguja. Mbele ya bandari kuna Zahanati ya Zamani, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Roshani zake ni kazi ya mafundi kutoka India.

UMEME

9. Desemba 2015 kituo cha Matebe kilizinduliwa kwenye mto Rutshuru, kikiwa na uwezo wa megawati 13 hivi. Ni mradi wa Hifadhi ya Virunga, na umeme wake hufika mpaka Goma. Kwa seremala maana yake ilikuwa moja tu: mashine bila jenereta, na kazi bila moshi wa mafuta puani.

10. Msumeno wa nakshi hauna njaa. Mashine nyingi hula kati ya wati 90 na 160. Pasi ya umeme hula zaidi ya wati 1,000. Kwa hiyo hata mtambo wa wastani wa sola, ukiwa na inveta nzuri, unaweza kuuendesha.

11. Soma kibati kilicho nyuma ya mota kabla ya kuchomeka waya. Kongo hutumia volti 220. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla ya kusikia mlio. Transfoma ya kushusha volti ni sehemu ya bei ya mashine hiyo. Ihesabu kabla hujalipa.

12. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi mapigo. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Mota isiyo na kidhibiti cha kielektroniki itazunguka taratibu zaidi, kama sehemu tano za sita za kasi yake. Usiifungue kutafuta ugonjwa. Ndivyo umeme wetu ulivyo.

13. Januari 2025, vita vilipofika Goma, jiji lilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Fundi mwenye cherehani kuukuu ya kukanyaga ana chuma, gurudumu na mkanda wa kutosha kujiundia msumeno wa pedali. Mguu haukatiwi laini.

KIMO, KITI NA SHINGO

14. Benchi la kurandia na meza ya msumeno wa nakshi havipaswi kulingana. Kazi ya nguvu hutaka meza iliyo chini ya kiwiko kwa sentimita 15 au zaidi, ili uzito wa mwili usaidie mikono. Kazi ya macho hutaka meza iliyo juu ya kiwiko kwa sentimita 5 hadi 10. Ukiuweka msumeno wa nakshi juu ya benchi la randa, umejinunulia maumivu.

15. Kipimo chako hakimo katika kitabu. Simama wima, au keti kama utakavyoketi kazini, legeza mabega, kunja kiwiko. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Namba hiyo iandike ukutani kwa kipande cha kaa. Fundi mwingine akija, naye apimwe. Karakana moja, viwiko tofauti.

16. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Mwaka 2014 daktari wa uti wa mgongo Kenneth Hansraj, wa New York, alipiga hesabu kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo wa kama kilo 27. Bidoni la maji la lita 20 ni jepesi kuliko hapo. Na mama anayetoka mtoni hulitua akifika nyumbani; wewe unainama saa tatu.

17. Dawa yake si kuinua shingo, ni kuinamisha mashine. Weka kabari za mbao chini ya miguu ya nyuma, uso wa meza ukuelekee, kama nyuzi 10 hadi 15. Mstari unakuja machoni na shingo inanyooka. Funga mashine kwa bolti kabla ya kuwasha, maana mashine iliyoinama bila kufungwa itakufuata mapajani.

18. Kiti kirefu kisicho na pa kuegemeza miguu huzuia damu mapajani. Pigilia ubao mmoja mbele ya benchi uwe kanyagio. Kazi ya dakika tano, gharama ya misumari minne.

19. Magoti nayo yanataka nyumba. Mafundi wengi huweka mashine juu ya kabati lililozibwa mbele, wakalazimika kuketi ubavu na kupinda kiuno siku nzima. Acha uwazi chini ya meza ili uingize miguu na kusogea karibu, kama mtu anayekula kwenye meza yake.

20. Swichi ya mguu ni mkono wa tatu. Ukikanyaga mashine inaenda, ukiinua mguu inasimama, na mikono miwili haijaiacha mbao. Chagua ile inayozima yenyewe mguu ukiondoka, na iweke pale ambapo mtoto anayepita hawezi kuikanyaga.

MTETEMO

21. Mwaka 2002 na tena 2021, volkano ya Nyiragongo ilitapika moto ukateremka kuelekea Goma. Mawe yaliyobaki leo ni kuta na nyua za watu. Machache yakiwekwa kwenye rafu ya chini ya stendi ya mashine hufanya kazi ya chuma kizito: mtetemo hushindwa kuinua uzito, ukatulia.

22. Gurudumu la chukudu huvishwa mpira wa tairi kuukuu. Vipande vinne vya mpira huohuo chini ya miguu ya mashine hunyonya mtikisiko na kelele. Ukifunga kwa bolti, weka mpira kati ya chuma na mbao, kisha usikaze mpaka ukabonyea wote. Mpira uliobanwa sana hugeuka jiwe.

23. Kipimo cha mafundi wa nje ni kusimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza, mashine ikiwa inakimbia. Isipoanguka, umefaulu. Kongo hatuna sarafu mifukoni, noti tu. Lakini shilingi 500 ya Uganda iliyovuka mpaka wa Bunagana itatosha. Ukiikosa, tazama maji ndani ya glasi.

24. Kila mashine ina kasi yake ya wazimu. Inaweza kutulia ikienda taratibu, ikatetema kati, kisha ikatulia tena ikienda mbio. Zungusha kidhibiti polepole, isikilize, weka alama ya kalamu pale inapotulia.

UBAPA

25. Ubapa usio na pini kwenye ncha zake una urefu wa milimita 127, yaani inchi 5, karibu dunia nzima. Ukinunua Kampala au Dubai, utaingia kwenye mashine ya fundi wa mji wa Kiwanja, Rutshuru.

26. Ubapa namba 5, unaotumiwa sana kwa mbao za wastani, una upana wa kama milimita 1 na unene wa milimita 0.4. Kitu chembamba hivyo hakisukumwi. Ukiona unatumia nguvu ya bega, si mbao iliyo ngumu, ni meno yaliyokwisha. Kwenye mbao ngumu yanaweza kuisha ndani ya nusu saa.

27. Meno hutazama chini. Pitisha ncha ya kidole taratibu, mashine ikiwa imechomolewa: ukishuka kidole kinateleza, ukipanda kinakwaruzwa. Ukifunga ubapa kichwa chini, mbao itarukaruka na vidole vitachoka kuishika. Zipo bapa zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kutazama juu. Hayo husafisha upande wa chini usichanike.

28. Mpiga gitaa hukaza uzi kwa sikio, na fundi hukaza ubapa vivyo hivyo. Udonoe kwa kucha: ukilia kwa sauti nyembamba na safi, uko tayari. Ukitoa mlio mzito wa kuvimba, umelegea, na utakukatia ukingo uliopinda kama tumbo.

29. Msumeno unaokwenda upande haujarogwa. Bapa nyingi hutengenezwa kwa kukandamizwa kiwandani, zikabaki na ukali zaidi upande mmoja, kwa kawaida wa kulia. Basi mbao huingizwa kwa pembe ndogo kufidia. Geuza kiti chako kiasi hichohicho, ili mikono iende mbele sawasawa badala ya kiwiliwili kujipinda kutwa.

30. Huna pembemraba? Chukua kipande kinene cha mbao, kikate kidogo ukingoni, zima. Kizungushe, ukipeleke nyuma ya ubapa. Ubapa ukiingia kwenye ule mkato bila kugusa, meza imenyooka. Ukikataa, meza imeinama.

31. Zipo bapa zilizosokotwa kama kamba, zenye meno pande zote. Ukiwa nazo huzungushi mbao, unaisogeza tu mbele, nyuma na pembeni. Zinafaa ubao mrefu usioweza kugeuka ndani ya mkono wa mashine. Ubaya wake ni mkato mpana na ukingo wa kukwaruza.

32. Mashine nyingi huinamisha meza pale unapotaka mkato wa mshazari, na mbao inakuwa kama inateleza mlimani. Zile za jina la Excalibur huinamisha kichwa, meza ikabaki tambarare. Mikono haibadili mkao. Mtu fulani alifikiria viwiko vya watu.

MACHO, MAPAFU, NGOZI

33. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Msumeno wa nakshi hutoa unga laini kuliko msumeno wa kupasulia, na uso wako uko karibu nao kama mtu anayesoma barua. Barakoa si aibu.

34. Kimrija cha kupuliza vumbi kiko pale ili uone mstari. Lakini kikielekezwa kwako, kinakulisha unga. Kigeuze upande, kisha weka mashine karibu na mlango ili upepo utoe vumbi nje, usilirudishe ndani.

35. Grevillea, mti unaopandwa sana kwenye mashamba ya Kivu, hutoa mbao yenye mawimbi mazuri. Unga wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Vipele vikikutoka mikononi baada ya kazi, usianze kumtafuta mchawi. Osha kwa sabuni, vaa mikono mirefu, jaribu mbao nyingine.

36. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umehimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala ili msitu wa Virunga upumue. Fundi anayekata vitu vidogo ana baraka nyingine: vipande ambavyo wengine hupeleka jikoni ndiyo malighafi yake.

37. Taa moja ya dari ni adui, maana kichwa chako kitatupa kivuli juu ya mstari. Taka taa ndogo ya kupinda, iliyo chini ya usawa wa macho, upande wa mkono usiosukuma. Mchoro ukionekana vizuri, shingo haina sababu ya kwenda kuutafuta.

38. Kila dakika 20, inua macho utazame mbali kwa sekunde 20. Goma hutazama Nyiragongo, Rutshuru ina milima ya Virunga. Wapo watu duniani wanaolipa pesa kuiona.

MIKONO NA MBAO

39. Kidole gumba kisikae kamwe mbele ya ubapa. Vidole vikae pembeni, vimetandazwa kama vya mtu anayelainisha kitambaa. Ukijikuta unaminya mpaka kucha zinageuka nyeupe, simama. Mbao inayohitaji kuminywa ina kasoro: ubapa butu, mwendo mkali mno au kibanio kilicho juu.

40. Mafundi wengi wazoefu hukiondoa kibanio kinachokandamiza mbao kwa sababu kinaziba mstari. Anayeanza asiwaige. Kishushe kiguse mbao bila kuigandamiza, kikusaidie kushika. Vidole ganzi vinavyogeuka vyeupe baada ya miaka ya mtetemo havirudishwi na dawa ya sokoni.

41. Mshumaa ni kilainishi. Sugua meza ya chuma kwa mshumaa, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Mbao itateleza kwa nguvu ndogo, na kutu ya masika itachelewa. Pia bandika seloteipu juu ya mchoro: mafundi hugundua kwamba kwa kufanya hivyo mbao ngumu haiungui sana ukingoni.

42. Anza na matundu ya ndani, malizia na umbo la nje. Mbao ikiwa bado nzima ina pa kushika. Ukianza na nje, utabaki na kitu chembamba kinachoruka kama panzi, na vidole vikikifukuza karibu na meno.

43. Karatasi tatu za tripleksi, ambayo wengine huita plaiwudi, zikifungwa pamoja kwa gundi ya karatasi pembeni hukatwa kwa mara moja. Mchoro mmoja wa sokwe, sokwe watatu. Na sokwe wa milimani anastahili: sensa zilizotangazwa mpaka 2019 zilionyesha wako zaidi ya 1,000 duniani kote, na sehemu ya makao yao ni mitelemko ya Rutshuru.

44. Mashine mpya haijui urefu wako. Ilifungwa kwenye boksi kwa ajili ya mtu yeyote, maana yake si kwa ajili ya mtu. Ikate mbao kwa saa moja, izime, kaa kimya ujisikilize. Kama ni shingo, ongeza kabari. Kama ni mapaja, pigilia kanyagio. Kama ni viganja, badili ubapa. Kama ni goti, kandambili kuukuu haikosekani nyumbani.